Mwongozo wa simu wa makumbusho unaandikwa umesimama mbele ya kitu, sio mezani

Watu wakipata wazo la kutengeneza mwongozo wa kidijitali wa makumbusho, kinachoanza kujadiliwa ni teknolojia: tufanye apu au tovuti, tubandike misimbo ya QR au tuweke vile vidude vya bluutuuthi ukutani vinavyoijulisha simu mgeni amefika wapi, nani atadizaini na nembo ikae wapi. Bajeti inaliwa huko. Halafu zikibaki wiki chache uzinduzi ufike anatafutwa mtu wa kujaza maneno, anapewa picha za vibao vilivyopo ukutani na kuambiwa afupishe. Mi nafanya kazi hizi za kuandika na kurekodi hapa Dar, nazipenda sana, na kuna jambo moja ningetamani kila taasisi ilishike: mgeni anakuja kusikiliza maudhui, apu atakuwa ameshaisahau akifika getini, na maudhui mazuri yanaandikwa umesimama mbele ya kitu chenyewe mpaka miguu iume, huku unamchungulia mgeni uone anaangalia nini.

Na hili sio jambo geni. Makumbusho ya Stedelijk kule Amsterdam walianza kuwapa wageni mwongozo wa sauti mwaka 1952, ilikuwa kwa redio ya masafa mafupi, mgeni anashika kijiredio chake na wote wanasikia sentensi ileile kwa wakati uleule, kwahiyo kundi zima linakwenda pamoja. Teknolojia ile ilishapitwa zamani sana. Ila swali alilokuwa nalo mwandishi wa skripti ile ndilo nililonalo mimi leo, yani sentensi hii ikiwa inapita sikioni, macho ya mtu yako wapi?

Tuchukue mfano ambao kila aliyesoma shule hapa nchini ameusikia, fuvu la Zinjanthropus. Ukiandikia mezani utaandika hivi: fuvu hili la spishi ya Paranthropus boisei liligunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 na ni miongoni mwa mabaki muhimu ya kale barani Afrika. Hakuna kosa hata moja humo. Lakini mgeni ambaye amesimama pale, watu wanampita, mtoto anamvuta shati, anasikia jina la kilatini, tarehe, namba, na neno muhimu, basi, anaenda kwenye kabati linalofuata na hajaliangalia fuvu.

Sasa nenda kasimame mbele yake na uandike hapohapo. Utajikuta unaandika kitu kama hiki: "Mtazame utosini. Kuna ukingo wa mfupa umesimama katikati ya kichwa, unatoka mbele unaelekea nyuma. Weka vidole vyako pembeni ya kichwa, juu kidogo ya sikio, halafu uma meno kwa nguvu. Umeusikia msuli unavyotuna? Kwako wewe msuli huo unaishia hapo pembeni. Kwake ulipanda mpaka utosini ukaenda kujishikiza kwenye ule ukingo. Sasa shusha macho kwenye meno ya nyuma."

Mgeni hapo ameshashika kichwa chake mwenyewe. Amejifunza anatomia bila kuambiwa neno anatomia, na akishaona ukubwa wa magego yale atajiuliza mwenyewe huyu alikuwa anakula nini, na swali hilo likishatoka kwake ndio unaleta habari: kwamba siku ile Louis Leakey, mume wa Mary, alibaki kambini anaumwa, Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa umejitokeza ardhini, na fuvu lenyewe lilitoka katika mamia ya vipande ambavyo ilibidi viunganishwe. Umri wake ulipimwa miaka miwili baadaye, 1961, kwa kupima potasiamu na agoni kwenye majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lile, na majibu ya milioni 1.75 yaliwashtua wengi kwa sababu walitegemea umri mdogo kuliko huo.

Halafu kuna kitu ambacho kinaonekana kwa macho na vibao vingi haviligusi, taya la chini halikupatikana. Kama kilichowekwa kwenye kabati kimeongezewa taya basi taya lile limeundwa, na mgeni ana haki ya kuambiwa. Na hapo ndipo unapopata nafasi ya kumtaja Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa kwenye timu ya akina Leakey, ambaye mwaka 1964 aliokota taya la chini la kiumbe wa aina hiyohiyo pale Peninj, jirani na Ziwa Natron, hukuhuku kwetu. Mi naona hiyo habari peke yake inatosha kuwa kituo kizima, yani sehemu moja ya mwongozo ambapo mgeni anasimama na kusikiliza. Kitu kinachokosekana kikielezwa vizuri kinamfanya mtu arudishe macho kukiangalia kilichopo.

Namba kwa sikio ni jambo lingine. Ukiandika 1.75 kwenye skripti msomaji wa sauti atasoma "moja nukta saba tano" na hakuna binadamu anayeongea hivyo kijiweni, kwahiyo kwenye skripti ya kurekodi andika kwa maneno, karibu milioni moja na robo tatu. Mwaka 1959 usiandike elfu moja mia tisa na kuendelea, andika mwaka hamsini na tisa, watu wanaelewa. Maandishi ya kwenye skrini ndiyo yabaki na tarakimu kamili. Hizo ni nakala mbili tofauti na zote mbili ziandikwe, usichukue moja ukaibandika kote kote. Urefu nao, mimi kwa mwendo wa kawaida wa kuongea natumia maneno kama 110 kwa dakika, na kituo kimoja sipendi kizidi dakika moja na nusu, anayetaka zaidi awekewe kitufe cha kuendelea. Skripti ikikataa kupungua mara nyingi ni kwamba mwandishi ana vituo viwili kavibana kwenye kimoja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa mazingira yetu naliona kubwa kuliko yote. Miongozo mingi ya nje imeandikwa kwa kumfikiria mgeni mmoja mwenye simu yake na hedifoni zake, anatembea kimya. Wewe nenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, siku ambayo shule zimekuja. Utakuta wanafunzi wameshuka kwenye basi wamejipanga mistari, na wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwahiyo simu iliyopo ni ya mwalimu na watoto ni wengi. Au ni familia, baba mama na watoto, wamejikusanya kwenye simu moja ambayo spika yake inakoroma. Hao ndio wageni wetu. Mwongozo ukiandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye hedifoni unakuwa umewaacha nje wengi wa waliopo ukumbini.

Kwa hiyo skripti zangu naziandika mwalimu aweze kuzitumia. Sentensi fupi ambazo anaweza kuzirudia kwa sauti yake. Swali moja ambalo jibu lake mtoto analionyesha kwa kidole, "nani ameliona jino kubwa kuliko yote?", halafu kwenye rekodi unaacha kimya cha sekunde kadhaa, watoto wapige kelele zao, ndio unaendelea. Na kunakuwa na ukurasa wa mwalimu, maandishi makubwa, hauna sauti, una maswali matatu manne na majibu yake chini, mwalimu anausoma kwenye basi wakiwa njiani. Hiki kitu hakina gharama yoyote ya ziada, ni kurasa tu, na sijaona mwalimu asiyekifurahia.

Chanzo cha maswali hayo ni waongozaji wa pale pale. Jamani, hawa watu wana hazina. Mtu amesimama ukumbini miaka na miaka, anajua kabati gani watu wanalipita bila kugeuka, anajua kituo ambacho watoto wanaogopa, anajua swali ambalo kila kundi lazima liulize. Mara nyingi ni maswali ya wazi kabisa: hiki ndicho chenyewe au nakala? Kimetoka wapi? Kilifikaje hapa? Mtaalamu wa mambo ya kale akiandika peke yake maswali hayo anayaweka mwisho au hayaweki kabisa, kwa sababu kwake yeye yalishajibiwa zamani. Kaa nao, wasikilize wakiongoza kundi, andika wanachosema watu wakicheka na watu wakinyamaza. Na walipwe kwa huo muda, na majina yao yaandikwe kwenye ukurasa wa walioandaa, maana mwongozo huo ni jasho lao. Na uache mahali pa wao kuingia, kuna vituo ambavyo skripti inatakiwa imwambie mgeni "muulize mwongozaji akuonyeshe", isijifanye inaweza kila kitu.

Hilo la kilifikaje hapa lina uzito wake zaidi ya udadisi. Chukua mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kule Lindi. Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zikasafirishwa kwenda Ujerumani, na leo mifupa ya yule mkubwa, Giraffatitan, imesimamishwa Berlin ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Habari ikiandikwa kivivu inataja maprofesa tu. Lakini walioichimba na kuibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi walikuwa mamia ya watu wa hukohuko kusini, na msimamizi wao anajulikana kwa jina, Boheti bin Amrani. Na miaka hiyo kusini ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907 na njaa iliyofuata. Mwongozo unaomtaja profesa na kumwacha Boheti unakuwa umeamua jambo, hata kama mwandishi hakukusudia. Ninapokagua skripti huwa naangalia hilo kwanza: kwenye kituo hiki nani ametajwa kwa jina na nani ameitwa tu "wenyeji" au "vibarua".

Kijiji cha Makumbusho ni shule nyingine tofauti kabisa, kwa sababu pale kitu unaingia ndani yake. Nyumba zile za makabila mbalimbali zipo nje, juani, na barabara ya Bagamoyo inaunguruma hapo jirani. Kwahiyo kwanza kabisa chagua mgeni asimame wapi. Mtu hawezi kusikiliza dakika moja na nusu ya maelezo jua la saa saba liko utosini, atafute kivuli kilipo na skripti ianzie hapo, "nenda kwenye ule mti upande wa kulia". Muziki wa nyuma usiweke, utagombana na magari na maneno hayatasikika.

Kwenye msonge wa Wahaya mi ningeanzia nje, mgeni aone nyasi za paa zinavyoshuka mpaka chini, kwamba paa na ukuta ni kitu kimoja. Kisha aambiwe ainame aingie. Na baada ya hapo mwongozo unyamaze. Ndani kuna giza ukitoka juani, macho yanahitaji muda, harufu ya nyasi inakuja, ubaridi unakuja, na huo ubaridi ndio maelezo yenyewe ya kwanini watu walijenga hivyo. Mwandishi anayejaza maneno sekunde hizo anamnyang'anya mgeni kitu alichokuja kukipata. Kwenye tembe la Wagogo kuna swali zuri la kumpa mtu wa Dar: hilo paa la bapa la miti na udongo, ungelijenga hapa kwetu, mvua za masika mwezi wa nne zingelifanya nini? Akishafikiria hapo Dodoma na ukame wake vinaelezeka kwa sentensi moja.

Kuna vituo ambavyo havihitaji ufundi wowote. Pale Makumbusho ya Taifa ipo kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998, ambapo watu 11 walikufa hapa Dar na zaidi ya 200 wakafa Nairobi siku hiyohiyo. Kati ya wageni wanaosimama pale kuna waliofiwa. Hapo hakuna maswali ya kuonyesha kwa kidole, hakuna sauti ya kuigiza wala milio ya ving'ora. Kilichotokea, lini, wapi, na nafasi ya kusimama. Mwandishi aisome kwa sauti mbele ya mtu aliyeguswa na jambo hilo kabla haijarekodiwa, akisema ondoa sentensi hii, inaondoka bila mjadala.

Picha na vidio. Kanuni yangu ni kwamba simu ionyeshe kile ambacho jicho haliwezi kukifikia. Kitu kikubwa kiko mbele yako, picha yake kwenye simu ya nini? Lakini sarafu za shaba za Kilwa, zile zilizopigwa kwa majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan, ni vidogo mno, maandishi yake ya kiarabu yamechakaa na ukiwa nje ya kioo huoni kitu. Hapo picha kubwa ya pande zote mbili inafanya kazi, umwonyeshe herufi moja moja, umwambie kwamba maneno ya upande huu na ya upande ule yanaishia kwa vina, ndio, hela yenye vina, mswahili yeyote atatabasamu hapo. Na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Ukimwonyesha hiyo kwenye ramani ndogo yenye Kilwa upande mmoja na Australia upande wa pili, umemaliza.

Mambo ya kiufundi nayapita haraka ila yana maudhui ndani yake. Bando ni hela. Sauti ya mtu mmoja akiongea haihitaji ubora wa muziki, faili la mono, yani la mkondo mmoja wa sauti, la kilobiti 64 kwa sekunde dakika moja ni kama nusu ya megabaiti, kwahiyo vituo 30 vya dakika moja na nusu ni megabaiti 22 hivi kwa ziara nzima, mtu anaweza kupakua pale mapokezi kwenye waifai na akatembea bila intaneti. Ukiweka vidio za kupendezesha tu unazidisha hiyo mara nyingi na mgeni anazima data. Kila sauti iwe na maandishi yake kamili, kwa asiyesikia na pia kwa yule ambaye spika imekufa. Vidio za Lugha ya Alama ya Tanzania zifanywe na kiziwi anayeijua lugha yake, na aletwe mbele ya kitu kama mwandishi alivyoletwa. Kwa asiyeona, maelezo ya umbo, ukubwa kwa kulinganisha na mkono wake, ugumu, baridi, na kama kuna nakala ya kushika basi skripti imwongoze vidole. Rangi za maandishi nazo, viwango vya kimataifa vya tovuti vinataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya herufi na mandhari yake, kijivu juu ya nyeupe ukiwa nje juani Kijitonyama huoni chochote.

Ruhusa zishughulikiwe mapema. Picha ya zamani, wimbo wa bibi uliorekodiwa kijijini, simulizi ya mzee, vyote vina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Mzee aelezwe wazi kwamba sauti yake itakuwa kwenye simu za watu, asikie rekodi yenyewe, na akitaka kipande kitoke kitoke. Na usimwombe mgeni jina na namba ya simu ili tu asikilize, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, mtu amekuja kuangalia fuvu, unataka namba yake ya nini.

Kabla ya kurekodi kuna jaribio ambalo sikubali kulikwepa. Unachukua simu, unajirekodi mwenyewe kwa haraka, sauti mbaya haidhuru, unawapa watu ambao hawajawahi kufika ukumbini, bodaboda wa nje, muuza maji, mwanafunzi, halafu unasimama pembeni unatazama macho yao. Kila sentensi ambayo macho yametoka kwenye kitu yakaenda kwenye skrini, unaiwekea alama. Hizo ndizo za kuandika upya. Ukifika studio skripti inakuwa imeshatembea.

Na mwisho ni matengenezo, ambayo kwenye mikataba mingi hayamo kabisa. Vitu vinahamishwa makabati, vinaenda kufanyiwa uhifadhi, ukumbi unafungwa kupakwa rangi, na msimbo wa QR umebaki ukutani unamwelekeza mtu kwenye nafasi tupu. Msimbo ufungwe kwenye namba ya kitu kwenye rejista ya makumbusho, usifungwe kwenye ukuta. Na habari ambazo zinaweza kubadilika rekodi kwenye klipu yake peke yake. Zinjanthropus kwa miaka mingi ameitwa mpasua karanga kwa sababu ya magego yale, halafu vipimo vya kaboni kwenye meno ya viumbe wa spishi yake vikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa nyasi na mimea jamii ya ndago. Kama hilo umelirekodi ndani ya simulizi moja ndefu, itabidi umtafute msomaji yuleyule, ulipie studio tena, na kama amehama mji unaanza upya yote. Kama ni klipu ya sekunde 20, unabadilisha hiyo moja jioni na kesho yake saa tatu asubuhi mlango ukifunguliwa mgeni wa kwanza anasikia habari sahihi.